Ruhusa Ambayo Sikuiomba

Mzee Kalisti, shikamoo.

Nimeandika salamu hiyo nikasimamisha kalamu kidogo, kama ulivyonizoesha. Najua haitajibiwa. Nimesubiri tu.

Nakuandikia nikiwa juu ya lile jiwe ulilonichorea nyuma ya bahasha ya ofisi, jiwe pana lililoinamia maji, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu kutoka Sumbawanga. Begi langu liko hapa pembeni, na ufito wako wa kuvulia. Mkeo, Mama Neema, ndiye aliyenipa. Nilikwenda kumsalimia pale nyumbani kwenu Chanji akautoa nyuma ya mlango. "Uchukue, mwanangu," alisema. "Kila nikifagia naukwepa, kama vile mwenyewe amesimama pale."

Trauti wapo, Mzee, wale samaki wako wa maji baridi ya mlimani. Nimemwona mmoja asubuhi hii kwa macho yangu, na madoa yake. Ofisi nzima ilikucheka kwamba umewaota, lakini hukusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza. Wewe dereva wa bosi, umebakiza kidogo ustaafu. Mimi karani mgeni, hata kazini sijathibitishwa. Uliniona nakula peke yangu nyuma ya gereji, ukanishikisha ufito. Hatuvui kwa chambo, ulisema, tunavua kwa nzi wa kutengeneza. Nzi wenyewe ulikuwa unawafunga kwa uzi wa cherehani na manyoya ya jogoo wa Mama Neema, mpaka yule jogoo akawa anatembea shingo wazi na majirani wakauliza kama anaumwa. Nilikuwa naharakisha kurusha. Mshipi ulijizonga miguuni mwangu, na siku moja ukaondoka na kofia ya mlinzi. Ulicheka ukakaa chini. Kisha ukaniambia, "Karani, ukiurudisha mshipi nyuma, sema shikamoo. Halafu nyamaza, usikie marahaba. Ndipo uurushe mbele. Wewe unasalimia watu huku unakimbia."

Tulipanga kuja huku pamoja. Mama Neema alikataa usije peke yako kwa sababu ya moyo wako. "Nenda na yule karani mwoga," alisema. "Mwoga hatakuacha uvukie mahali pabaya." Likizo yako ilikuwa tayari. Ilibaki ruhusa yangu tu, ya siku nne.

Barua ya kuomba niliiandika mara tatu, Mzee. Ilikuwa barua nzuri. Nikaiweka kwenye droo. Kila asubuhi niliitoa, nikafika mlangoni kwa bosi, nikamsikia anakohoa, nikarudi. Niliogopa atasema huyu hajathibitishwa bado na tayari anataka kutembea. Wewe ukaendelea kuuliza, na mimi nikaendelea kusema bado hajaijibu. Mpaka siku ile uliyokuja umeshanunua viatu vya kupandia mlima, umevivaa kabisa, unanionyesha soli. Nikakwambia, "Bosi amekataa."

Ukaangalia viatu vyako. "Basi," ukasema. "Mwakani."

Mwakani haukufika kwako. Mvua za kwanza zilikukuta kitandani, na za pili hukuzisikia.

Lakini uongo wangu haukuishia hapo. Tangu siku ile uliacha kumtania bosi. Mlikuwa mnasafiri mkibishana njia nzima, yeye na ndizi zake za Mbeya, wewe na ugali wako wa ulezi. "Mgebuka unaletwa mpaka sokoni kutoka Kasanga," alikuwa anakwambia, "wewe unafuata samaki mlimani kwa miguu, una akili kweli?" Nawe unamjibu kwamba mtu aliyelelewa kwa ndizi mlima hauwezi. Baada ya uongo wangu ukawa unajibu "ndiyo bosi", "hapana bosi", basi. Mimi niliona. Nilinyamaza.

Siku ya kukuzika alibeba jeneza lako. Viatu vyake vilijaa udongo. Alipomnyooshea Mama Neema mkono, Mama Neema aliuacha hewani, mbele ya watu wote. Tukiwa tunarudi akanishika bega. "Eliya, mlikuwa karibu. Nilimkosea nini Kalisti?"

Nikasema sijui.

Hilo ndilo linaloniamsha, Mzee. Kuliko hata lile la kwanza.

Nimeshathibitishwa kazini. Wiki iliyopita nilipeleka ombi la ruhusa, siku nne zilezile. Alisaini akiwa amesimama, simu sikioni. "Ni hili tu? Nenda, baba, ukapumzike. Tangu Kalisti aondoke umekonda." Haikuchukua hata dakika moja. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilisogea kwa magoti kama ulivyosema, kivuli changu kisitangulie. Mara tatu niliharibu. Nikaanza kutamka kwa sauti. Shikamoo. Nikanyamaza. Niliposikia utulivu ule mahali pa jibu lako, nikarusha. Nzi akatua kama manyoya yanavyotua, na maji yakafunguka.

Nililowesha mikono kwanza ndipo nikamshika yule trauti. Tumbo lake lilikuwa la rangi ya siagi. Nilimshikilia ndani ya maji mpaka akapata nguvu, nikafungua vidole. Nilitegemea kufurahi. Nikageuka kukutazama, Mzee. Niligeuka kabisa. Kulikuwa na begi tu.

Hapa ulipaswa kukaa wewe, na viatu vyako vipya. Aliyekunyima ni mimi, si bosi. Nisamehe. Sijui kama marehemu husamehe, lakini naomba.

Kesho naanza kushuka. Jumatatu alfajiri nitakwenda Chanji kwanza. Nitamweleza Mama Neema kabla hajaanza kufagia, na ufito nitaupeleka, akitaka kuuchukua auchukue. Kisha nitakwenda ofisini. Ile barua ya zamani ninayo ndani ya begi, imechakaa kwenye mikunjo. Nitaiweka mezani kwa bosi aione mwenyewe kwamba haikuwahi kumfikia.

Naogopa hata sasa ninavyoandika, tazama mwandiko. Lakini nakuahidi. Nitabisha hodi hata akikohoa. Nitasema shikamoo, na safari hii sitakimbia kabla ya marahaba.

Lala vizuri, Mzee wangu. Maji ya huku bado ni baridi.

Karani wako,
Eliya