Kisichoitika Hakiandikwi

Mwalimu wangu Sefu,

Nakuandikia nyuma ya karatasi ya mashine, humu chumbani mwetu mwa kompyuta, mlango nimeufunga kwa ndani. Ni Ijumaa. Afande atakuja baada ya swala, na sina cha kumwonyesha. Naogopa, Mwalimu. Na wa kumwambia sina ila wewe, ambaye umekufa.

Tangu wakuchukue, mashine haijaamka. Unakumbuka askari walivyoingia wakaiona mashine ya kanda, magurudumu yake yanazunguka, wakapiga kelele, "Hii nakamata maneno yetu!" Ulicheka. Mungu wangu, kwa nini ulicheka? Ulidhani ni watu wa kueleweshwa. Ukawaambia kwa upole kwamba ile ni kanda ya hesabu tu, haina masikio. Wakaibeba wakaitia kwenye lori, na wewe wakakupandisha pamoja nayo. Kesho yake Afande akaniwekea kofia yako mezani, ile ya viua aliyokushonea mkeo, Bi Mwanaidi. "Mwenyewe hapana taka tena," akasema. "Mashine nafanya kazi Ijumaa, ama wewe nafuata yeye. Na mudomo funga." Anataka mishahara ya kambi nzima ichapwe.

Basi nimebaki peke yangu na mashine ambayo hata Nairobi hakuna ya aina yake. Wazungu walioileta wameondoka, fundi wao Mhindi amefukuzwa, na kitabu walichotuachia kinaeleza modeli nyingine kabisa. Nimeijenga upya ile programu inayoamka kabla ya zote, uliyokuwa ukiiita kiini. Kadi zako ulizozitoboa maagizo nimezifuata moja moja, sikubadilisha hata tundu. Nikawasha. Taa zikawaka, kiini kikaanza kuamka, kisha kikanyamaza. Nikazima, nikaanza upya. Kikanyamaza palepale. Nimeipiga ngumi mpaka mkono umevimba. Nimeisalia rozari, ungenicheka.

Nikitazama mlango ule nakuona umenisimamisha pale, kabla hatujagusa kadi hata moja, niite viungo vya mashine kama unavyowaita watoto wako wa madrasa kule Kibuli. Mimi naita, "Kisoma kadi!" Wewe unaweka kiganja juu yake, "Labeka!" Tukibadilishana zamu, mimi naitikia "Rabeka," nawe unashika kichwa, "Kizito, nyinyi Waganda mtaniua." Halafu unasema lile lako, kisichoitika hakiandikwi, ndipo tunaanza kazi.

Ngoja, Mwalimu. Safari hii sikuita. Ngoja kidogo.

Nimerudi. Nimesimama mlangoni nikaita, nikaenda kuitikia mwenyewe. Kisoma kadi, labeka. Printa, labeka. Mashine ya kanda... Pale ilipokuwa, sakafu bado inang'aa, haijachakaa kama kwingine. Nikaita tena, kama mjinga. Kumbe kwenye kadi zako bado ipo! Kiini kinaamka, kinaviita viungo vyake kwa zamu, kikifika kwenye kanda kinangoja iitike, na kingengoja hivyo hadi kiyama. Ilichukuliwa mbele ya macho yangu, nami nikaiacha kadi yake ndani, kwa sababu sikuwa na moyo wa kutoa kitu ulichokiweka wewe.

Nimeitoa, nimejenga kiini upya. Mashine imeamka. Taipureta yake imeandika yenyewe majina ya viungo vilivyobaki, kisha ikauliza tarehe ya leo, kama ilivyozoea. Sikufurahi. Nimekaa chini nimelia kwa kwikwi, maana mishahara ya waliokuua nitaichapa mimi, kwa kiini ulichonifundisha wewe.

Na Bi Mwanaidi bado anakungoja. Juzi nilipita kumjulia hali. "Mwalimu wako akiachiwa atakuja na njaa," akasema, akafunika sahani yako. Hajakaa eda. Hujasomewa hata hitima. Mke wa mtu anamngoja asiyeweza kuitika, na mimi ninayejua nimekaa na kofia yako kwenye mtoto wa meza.

Nasikia gari nje. Nimekuita humu chumbani, Mwalimu, kwa sauti, jina lako na la baba yako. Nimesubiri.

Kwaheri, mwalimu wangu. Ulale salama, popote walipokulaza. Afande akishachukua karatasi zake, nakwenda Kibuli na kofia ndani ya shati, nikamwambie mkeo. Wakinifuata, na wanifuate. Ila nikimkuta ameshakupakulia, nitakaa nile sahani yako mpaka iishe, isikungoje tena, ndipo niitoe kofia.

Mwanafunzi wako,
Kizito