Kwa Nini Mama Alimngoja Yesu

Jumapili, Oktoba

Bado nina hasira na kaka Filbati. Yeye ni mzee wa kanisa, lakini angeweza kunyamaza.

Mama alirudi kutoka ibadani amechangamka. Mhubiri alikuwa ametaja vita, njaa na ukame, na jirani aliyetoka kijiji cha Sitalike akamsimulia viboko wanavyofia kwenye tope la mto uliokauka. Wengine waliogopa. Mama alitabasamu. "Dalili hizo, mwanangu. Yesu akirudi nitamwona Deo wangu."

Deo ni mdogo wetu, alijiua mwaka juzi. Mama hatafuti dalili kwa hamu ya mbingu. Anamtaka mtoto wake tu.

"Mama, usijidanganye," Filbati akasema, huku anatafuna ugali kwa samaki wa migebuka. "Aliyejiua hafufuki na wateule. Siku hiyo wewe utapaa, Deo atatupwa motoni, na utamwona akiungua."

Akaomba aongezewe mchuzi. Mimi nikamwongezea.

Mama hakulia. Aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Jioni nikamwita tusali kama kawaida, tumwombe Bwana aje upesi.

"Sali wewe," akasema. "Mimi naomba asije."