Jino la Mbele la Fundi Lodu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Itangazwe kwa wakazi wote wa Hai Jalaba, hapa Juba, wenye maduka na wasio nayo, kwamba leo asubuhi Constantine Lodu, fundi cherehani, mtu mzima mwenye mvi zake, amefungwa vyuma vya meno. Mizinga haikupigwa. Yafesi, fundi mwenzangu, aliinua macho kutoka kwenye mashine yake, akanitazama mdomo, akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Mzee, wewe iko na miaka hamsini na mbili. Hiyo ni kitu ya watoto ya shule." Akaendelea kushona.

Si urembo. Niandike hapa nisije nikasahau siku nitakapoanza kujipenda kwenye kioo. Jino langu la juu la mbele, la kushoto — naliita Mheshimiwa, maana linapenda kuwatangulia wenzake — limekuwa likisogea nje mwaka hadi mwaka, na sasa linacheza. Fizi ziliugua, mfupa ukapungua. Daktari Akur wa kule Thongpiny alinisafisha fizi miezi mitatu kabla ya kunigusa kwa waya. "Kwanza fizi, Mzee. Waya baadaye." Anasema jino halisukumwi kama kiti. Mfupa unayeyuka upande mmoja, unajengeka upande wa pili, pole pole. Fizi zikiwa chafu unayeyuka tu, haujengeki. Mheshimiwa akitulia, atarudi kwenye mstari na atakaa. Asipotulia atang'olewa.

Sitaki ang'olewe. Marehemu baba alimaliza siku zake akimeza asida, ugali wetu, bila kutafuna, huku akituangalia sisi tukivunja mifupa ya mbuzi. Yale macho!

Jumatano, 8 Oktoba

Mdomo wote unauma. Mke wangu Joy amenipikia bamia laini kama ya mtoto, kisha akasema nyumba imepata amani, Baba Tisa hawezi kubishana. Nimebisha kwa mikono.

Kusafisha hivi vyuma ni kazi ya mshahara. Mswaki juu ya waya, mswaki chini ya waya, halafu kile kibrashi chembamba katikati ya jino na jino. Damu ilitoka kwa Mheshimiwa. Nikamruka, apumzike.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nimeimba na mdomo umefungwa. Milly, mkuu wa kwaya, akaja baada ya ibada kuuliza kama nimekasirika. Nikatabasamu. Akarudi nyuma hatua moja! Ila ametupa kazi: majoho mapya ya kwaya nzima, yawe tayari kabla ya Krismasi. Mimi na Yafesi tumekubali haraka kuliko tulivyofikiri.

Jumanne, 14 Oktoba

Ule uzi wa kupitisha kati ya meno umekwisha. Nikajiambia: mimi fundi, nikose uzi? Nikakata ule wa kushonea suruali. Imara kweli. Umepita mpaka ndani ya fizi.

Nimempigia daktari. Alicheka mpaka nikasikia kitu kinaanguka huko kwake. Halafu akawa mkali: je, ile sehemu inayotoa damu naisafisha? Nikasema naipumzisha. Akasema, Mzee, damu ndiyo inakuita. Uchafu unakaa pale, fizi zinavimba, mfupa unakwenda. Pale ndipo usafishe zaidi, taratibu, kwa kile kibrashi, si kwa uzi wa suruali.

Kumbe! Nilikuwa nampumzisha mgonjwa juu ya jalala.

Alhamisi, 6 Novemba

Kwa daktari. Fizi zimekuwa za waridi, hazitoi damu. Na Mheshimiwa amerudi nyuma kidogo, nimeona mwenyewe kwenye kioo! Daktari Akur amewaita wauguzi wake waje waone mdomo wa mtu mzima unaofuata masharti. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Njiani nimemchekea kila mtu, hata askari wa mlangoni.

Jumamosi, 22 Novemba

Majoho. Majoho. Mikunjo, kola, vifungo. Nimepiga mswaki nimesimama. Basi.

Jumatatu, 1 Desemba

Habari mbaya.

Daktari amepima fizi kwa ile sindano yake butu. Safi zote. Akafika kwa Mheshimiwa, akapima, akapima tena. Jino linacheza kuliko mwezi jana. Akanipiga picha. Akanionyesha: mfupa ule mweupe unaolishika jino umepungua tena upande mmoja. Kwa fizi safi hivi, anasema, haieleweki. Kuna kitu kinalisukuma. Kitu kingine, si waya wake.

Akaniuliza maswali kama polisi. Unasaga meno usingizini? Joy anasema nakoroma tu. Unafungua soda kwa meno? Aa, nimeacha tangu ujana. Unatafuna kalamu? Kucha? Mfupa? Mua? Hapana, hapana, hapana. Nilijibu kwa moyo mweupe kabisa.

Amelegeza waya pale mbele ili usimvute tena. Tusubiri mpaka Januari. Jino likishika, tunaendelea. Lisiposhika, anasema ni bora litoke kabla halijawaharibia wenzake mfupa. Alisema kwa upole. Afadhali angefoka.

Jumatano, 3 Desemba

Nimefanya uchunguzi. Mshukiwa wa kwanza: karanga za Joy. Amekasirika, karanga zenyewe anazisaga siku hizi kwa ajili yangu. Wa pili: mto wa kulalia. Wa tatu: daktari mwenyewe, pengine waya wake ulizidi nguvu. Huyu wa tatu nimempenda zaidi. Nimemweleza Yafesi kwa kirefu huku tukimaliza pindo za majoho ya sauti ya tatu. Akasikiliza, akasema tu kwa Kiarabu cha hapa, "Malesh, Mzee," yaani pole.

Mwanangu Tisa amepiga simu kutoka Yei. Nimemwambia kila kitu kiko sawa. Kisha nikagusa jino kwa ulimi. Linaitika.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwambia Joy kwamba kile kidude cha chuma kilichobandikwa kwa Mheshimiwa kimetoka chenyewe, nikiwa kazini, bila sababu. Amesema pole.

Sasa ukweli.

Daktari Akur alipita dukani mchana. Si kwa ajili yangu, alikuwa na koti lake jeupe, mikono mirefu, anataka ipunguzwe. Nikampa kiti, nikafurahi: leo yeye ndiye mteja. Nikavuta koti nikaanza pale pale, nimwonyeshe kazi. Na mdomo nao ukaanza. Nikamwambia nimefikiri sana, mimi sigusi kitu kigumu, mimi naheshimu hili jino kama yai, labda daktari aangalie tena nguvu ya waya wake. Nilisema hivyo! Nikafunga fundo, nikainua koti mdomoni, nikakata uzi.

Tak.

Kidude kikaruka, kikaangukia juu ya joho.

Daktari na Yafesi wakanikodolea macho. Mimi mwenyewe sikuelewa wanatazama nini. Daktari akainama mbele, akauliza pole pole: "Mzee, umekata na nini?" Nikatafuta mkasi mezani nimwonyeshe. Mkasi ulikuwa upande wa Yafesi. Umekuwa upande wa Yafesi siku zote.

Akamgeukia yeye. Huwa anafanya hivi?

"Daktari, huyu iko anakata hivyo tangu mimi nakuja Juba. Kila uzi. Mimi nilifikiri wewe ndiyo alimpatia hiyo chuma, ikate vizuri."

Daktari Akur alicheka, nami nikacheka, na Yafesi akacheka kwa sababu tunacheka. Halafu daktari akaacha. Akanawa mikono kwa maji ya kunywa, akalishika jino kwa vidole viwili, hapo hapo kati ya majoho. Nililiona kwenye uso wake likienda na kurudi. Nikamwuliza kama mfupa utarudi. Akasema hajui. Ule ulioyeyuka hauahidi mtu. Anachojua ni kwamba hautarudi huku navuta uzi kwa jino lile lile mchana kutwa. Nije Jumatatu.

Kabla ya kuondoka alichukua mkasi mdogo kutoka kwa Yafesi, akaufunga kwa utepe, akanivisha shingoni kama medali. Yafesi akasema na yeye sasa atakata na nini.

Nitamwambia Joy tukila, na karanga zake nitaziomba radhi.

Naandika haya bado niko dukani. Koti la daktari limebaki kifungo kimoja. Nimekishona, nimezungusha uzi, nimefunga fundo. Mkasi uko kifuani, nausikia ubaridi wake. Nilipojitambua, koti lilikuwa limekwisha fika mdomoni.

Yafesi, bila kuinua kichwa, akakohoa.