Kura ya Mama Imeishia Ghorofa ya Pili

Jioni ya siku ya kura. Joto limeng'ang'ania humu ndani, na Kariakoo imepoa kwa namna nisiyoizoea. Maduka mengi ya chini hayakufunguliwa.

Nina hasira, ila sijui nimkasirikie nani.

Mama alipooza upande wa kulia mwaka juzi. Tunakaa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo letu ilishakufa kitambo. Hata hivyo, leo asubuhi yeye ndiye aliyeniamsha. Alitaka avalishwe dera lake la kijani. Kadi ya mpiga kura tayari alikuwa nayo mkononi.

Hajawahi kukosa kura maishani mwake.

Nilimwita jirani yetu Baba Salma, fundi cherehani. Tukamkalisha Mama kwenye kiti cha plastiki, tukaanza kumshusha, Baba Salma mbele, mimi nyuma. Tulipofika ghorofa ya pili kiti kikaniponyoka, Mama akajigonga bega ukutani. Hakupiga kelele. Alifumba macho, akasema, "Basi, mwanangu. Nirudisheni."

Tukamrudisha.

"Nenda wewe," aliniambia kitandani. "Usikose kwa ajili yangu."

Nikaenda. Kituoni nilimwuliza msimamizi kama kuna anayeweza kumfuata mgonjwa nyumbani. Alikuwa mpole. "Pole, dada. Mpiga kura lazima afike hapa mwenyewe." Nikapiga yangu, nikaondoka huku machozi yananitoka.

Simu hii ninayoandikia ndiyo ninayonunulia umeme. Wiki iliyopita daktari alimwona Mama kupitia simu hii hii, akambadilishia dawa bila yeye kutoka kitandani. Kwa nini ishindwe kubeba kura moja? Wako wangapi leo waliobaki vitandani, au walio zamu kazini, au wapo Ilala ilhali walijiandikisha Lindi?

Nilimwambia Baba Salma hivyo. Akanitazama.

"Vidole vya Mama vinatetemeka. Simu utamshikia wewe. Nani atajua amechagua yeye au umechagua wewe?"

Mgombea wa Mama mimi simpendi kabisa, na tumeshagombana kwa ajili yake. Je, ningebonyeza jina alilolitaja?

Nadhani ningebonyeza. Nataka kuamini hivyo.

Saa kumi vituo vilipofungwa nilikuwa namkanda bega kwa maji ya moto. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwa vile mimi sikufika, umenipigia yule wangu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akatabasamu kwa ule upande wa uso unaomtii. Akanishukuru. Akasema basi ni kama amefika.

Sikumpigia. Kwenye kile chumba cha kura hata sikumkumbuka mtu wake, niliweka alama kwa wangu.

Sasa amesinzia, na redio ameniomba niiwashe mapema matokeo yakianza kutangazwa. Tutakaa wawili tukisikiliza. Mtu wake akishindwa kwa kura chache, nitamtazamaje usoni?