Mahari ya Loliondo

Jumatatu, 3 Novemba
Nimemwagilia mche wangu wa loliondo kabla ya chai. Majani kumi na moja. Mbegu nilizipasua kwa koleo, moja moja, maganda magumu kama mawe, nikangoja karibu mwaka mzima. Ukaota huu mmoja tu. Majirani hapa Batsinda wanauita mtoto wangu. Tangu Tanzania hadi Kigali mimi ni seremala, mbao za loliondo nilizopiga randa hazihesabiki. Kabla ya huu sikuwahi kupanda hata mmoja. Jumamosi nahamia ghorofani, Sonatubes. Huko hakuna udongo, na mti wa msituni hauishi kwenye ndoo.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeuliza nyumba tatu zenye uwanja kama zitaupokea mti. Zote zinataka parachichi. Nimeudhika. Nimemwomba Zaina, fundi cherehani wa jirani, aulizie kwa watu wake.

Jumatano, 5 Novemba
Ujumbe wa Zaina: "Baba Keza, nimepata mahari ya mtoto wako. Iko Rebero. Ni watu wazuri."
Nimeusoma mara nne. Keza, binti yangu, hajaniambia lolote. Mahari inapangwa na jirani, baba mzazi nipo!

Alhamisi, 6 Novemba
Nimempigia Keza, nikafoka. Akasema hana mchumba, na kama ninaye nimpe namba yake. Sikucheka. Zaina kanisalimu mara mbili, nikajitia kiziwi. Mti bado hauna pa kwenda. Naona uchungu kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 7 Novemba
Zaina kagonga mlango, kakasirika. "Baba Keza, ile mahari unaikataa? Bamesha chimba shimo ya muti."
Mahali. Kumbe mahali. Miaka yote hii Kigali, r na l za wenyeji bado zinanipiga chenga. Nikacheka mpaka machozi. Zaina hakuona cha kuchekesha. Nimemwomba radhi.

Jumamosi, 8 Novemba
Mizigo imefika Sonatubes. Nikapanda kilima cha Rebero na ndoo yangu, mvua nyepesi. Mwenye uwanja ni dada yake Zaina. Shimo lilikuwa kando ya ukuta. Nikamwambia ukweli: mti huu huwa mkubwa sana lakini hukua polepole, ukifika kimo chake mimi na yeye hatutakuwepo. Nilijua atabadili mawazo.
Aliutazama mche, akautazama ukuta. Kisha akachukua jembe, akaanza shimo jingine, hatua kumi mbali na ukuta.