Suzana, Ua la Wamisri

Jumapili usiku

Kunicheka mimi! Mjomba mtu, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye neno kwenye jina la mtoto.

Nilitaka kichanga cha mpwa wangu Tekla kiitwe Suzana, kama marehemu dada yangu, mama yake Tekla. Mumewe akasema hilo ni jina la vibibi. Nikamweleza nilivyosikia redioni: asili yake ni neno la Wamisri wa kale, maana yake yungiyungi, lile ua linaloelea juu ya maji.

"Mjomba, hilo nalo ni kama yule chui uliyemkaba koo hapa Bigwa?" akauliza huyo mumewe.

Nyumba nzima kicheko. Chui nilimkaba, hilo halina mjadala. Lakini la leo lilikuwa kweli tupu, na ndilo halikuaminika. Ningeweza kulazimisha, ila jina la kulazimisha dada asingelipenda.

Wenzake walipotoka nje, Tekla akaniuliza, "Hilo ua likoje, mjomba?"

Nikamwambia linaota topeni, linafunguka asubuhi. Sikuongeza hata jani moja. Niliogopa.

Mtoto akaanza kulia, Tekla akamweka begani, akampapasa mgongo.

"Nyamaza, Suzana. Nyamaza, mama."