Mafuta Niliyoyapaka Mimi Wanayaita Muujiza

Mama Angele mpendwa, nakuomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, na unisamehe mwandiko, ninaandika kwa hasira, na mimi si mtu wa hasira, mimi ni yule msichana wa dawati la nyuma ambaye wenzake humwita Profesa kwa sababu wakati wa mapumziko husoma peke yake. Nina miaka kumi na sita, naishi kijiji kimoja huku Minya, na majina yote nitakayoandika nimeyabadilisha.

Kila mwaka kabla ya mfungo wa Bikira Maria sisi wasichana husafisha kanisa, wengine sakafu, wengine vinara vya mishumaa, mimi hupewa picha takatifu kwa sababu sina papara. Mwaka huu fremu ya picha kubwa ya Bikira ilikuwa imekauka na kupasuka, nami nilikuwa nimesoma mahali kwamba mbao kavu hutunzwa kwa mafuta ya kitani, basi nikachukua chupa jikoni kwetu, mafuta yale yale tunayomwagia maharage ya ful asubuhi, nikapaka, nikaona hayatoshi, nikamimina mengine kwenye ufa wa juu mpaka ukajaa, nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi nzuri. Kesho yake joto lilikuwa kali kupita kiasi, na katikati ya misa mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba Bikira analia.

Niliyaona machozi hayo, Mama Angele. Michirizi miwili, kutoka kwenye ufa nilioujaza mimi, ikishuka mpaka shavuni. Watu walipiga vigelegele, wakagombania pamba za kufutia, wakasema harufu hii ni ya peponi. Ilikuwa harufu ya kifungua kinywa chetu.

Siku hiyo hiyo nilimwendea mwalimu Mariham, mtumishi anayetufundisha dini kila Ijumaa, nikamweleza yote. Aliniangalia kama niliyemtukania mama yake.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi liishie hapa hapa. Wewe binti, umesoma vitabu vingapi hata uje kumsahihisha Mama wa Nuru?"

"Simsahihishi, mwalimu, nasema tu chupa ilikuwa ya kwetu."

"Hata kama! Mungu akitaka hutumia mkono wowote, hata huo wako. Unajua watakavyotucheka huko sokoni? Bibi zetu wakose faraja kwa ajili ya chupa ya mafuta? Abuna mwenyewe, kasisi mzima, amebariki. Nenda zako."

Lile la mkono sikuwa na jibu lake na mpaka leo sina, nikaenda nyumbani nikamwambia mama, na mama akasema, "Baba yako ni shemasi, anasimama madhabahuni mbele ya kijiji kizima, unataka auweke wapi uso wake?" Nikamwambia, mama, chupa imebaki nusu, kaangalie kabatini. Akasema, "Nimeshaangalia. Nyamaza."

Pengine ningenyamaza, kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, lakini kuna shangazi Nargis. Yeye ni dada wa baba, ndiye aliyenifundisha herufi kabla sijaanza shule, na ana kisukari, mwaka wa tisa huu anajichoma insulini. Jumapili iliyopita alipakwa mafuta yale tumboni, pale pale anapojichoma, na tangu siku hiyo hajagusa sindano. Nimekwenda kwake mara mbili, amekonda, anakunywa maji jagi baada ya jagi.

"Shangazi, sindano vipi?"

"Nimezifungia. Miaka tisa natobolewa kama ungo, sasa nimepumzishwa."

"Nani kakwambia uziache?"

"Aliyeniponya hahitaji msaidizi. Mbona umenuna, Profesa? Au hili halimo kitabuni mwako?"

Akacheka, akanisogezea sahani ya zabibu, nami nikala. Nilikaa pale nikala zabibu mpaka zikaisha, nikaaga.

Sasa mwalimu Mariham anataka Ijumaa hii nisimame mbele ya kamera ya kanisa niseme kwamba mimi ndiye niliyeigusa picha mwisho na niliiacha kavu kabisa. Nilipokataa aliliambia darasa zima, "Mwoneni Profesa, wenzake wanasali, yeye anafikiri!" Wakacheka wote. Tangu hapo wananiuliza kama nimeacha dini, rafiki yangu mmoja hataki kukaa nami, mwingine amenishika mkono akaangalia kama msalaba wangu wa chale, alama ya Ukristo wetu huku, bado upo. Upo, nilichanjwa nikiwa na miaka mitatu. Mimi ninaamini kwamba Bwana alifufua wafu, na kwa kuwa ninaamini ndiyo maana sitaki kumsingizia jambo ambalo hakulifanya, ila wao ni wengi na mimi ni mmoja na nimeanza kujiuliza labda hiki ninachokiita ukweli ni kiburi changu tu. Je, nikisema ni dhambi? Na shangazi akinichukia nifanyeje?

Febronia, Minya

MAMA ANGELE ANAJIBU

Febronia, hukuniandikia namba ya simu wala jina la kijiji, na hilo ndilo la kwanza lililonikasirisha, maana ningekuwa nimeshakupigia. Sina njia ya kukufikia ila ukurasa huu, kwa hiyo barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote.

Nimemuuliza daktari. Mtu wa insulini aliyeiacha, akikonda na kushikwa na kiu isiyokatika, yuko hatarini leo, si mwezi ujao. Akianza kutapika, au kuhema, au kusinziasinzia, zinahesabiwa saa. Na wewe ulikula zabibu! Binti mwenye akili kama zako, unaniuliza mimi kuhusu kiburi, na mtu anayekupenda anakauka mbele ya macho yako. Aibu ya kusema naielewa, nami nilikuwa nayo nikiwa na umri wako. Lakini kwa shangazi yako aibu hiyo haikusaidii kitu, na hutaweza kumwambia kaburini.

Sasa la huo mkono. Mwalimu wako anasema Mungu aliutumia. Vema! Basi atangaze mbele ya kamera yake kwamba Mungu aliutumia mkono wa Febronia na mafuta ya kitani kutoka kabatini kwa mama yake. Mbona anauficha? Jambo la Mungu halihitaji mtoto wa miaka kumi na sita aliapie uongo ndipo lisimame. Hilo ndilo jibu, limeze, ulitumie.

Mwalimu Mariham, najua jarida hili unalisoma. Unaogopa kuchekwa sokoni. Sisi Wakristo wa nchi hii tumechekwa huko karne nyingi na bado tupo. Kuna mwanamke ameacha dawa yake kwa sababu ya hadithi unayoilinda, na anayefikiri umemsimamisha achekwe na darasa. Kufikiri si kinyume cha kusali. Aliyetupa magoti ya kupigia ndiye aliyetupa na kichwa.

Mama yake Febronia, wewe uliangalia kabatini. Sina zaidi ya kukwambia.

Febronia, usiingoje Ijumaa. Ukimaliza kusoma hapa, mwendee baba yako kabla ya mtu mwingine, mwambie kuhusu dada yake, si kuhusu picha. Shemasi naye ana dada wa damu. Akisitasita, nenda kwa Abuna mwenyewe, maana "Abuna amebariki" umelisikia kinywani mwa mwalimu, hujalisikia kinywani mwake, na sidhani kuna aliyemweleza habari ya chupa. Mbele ya kamera usisimame kabisa, hata wakikufukuza darasani. Soma nyumbani, sali nyumbani, watakuita wenyewe.

Lakini hao wote wakikuzungusha, usizunguke nao. Nenda kwa Nargis peke yako. Mwambie, "Shangazi, mafuta nilipaka mimi." Asirudie sindano kwa kukisia, apelekwe hospitali apimwe kwanza. Atakuita mwongo, atalia, labda atakupiga kofi. Lipokee kofi, kisha mshike mkono mwondoke.